Ombi la Wauguzi wa Wodi ya Uzazi Kuandikishwa kama Punda

Kwa Bwana Abdulqadir,
Mwenyekiti wa Bodi ya Hospitali.

Kupitia kwa: Hakuna. (Barua kama hii ilipaswa kupitia kwa Meneja. Zile tulizozipitisha kwake tangu mwaka jana bado zinapita.)

Bwana Mwenyekiti,

KUH: OMBI LA KUTOLEWA KATIKA ORODHA YA WAUGUZI NA KUINGIZWA KATIKA ORODHA YA PUNDA

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani, na kwamba yale magoti uliyoyalalamikia siku ya kufungua lango jipya yametulia. Mimi ni Nerea Wafula, muuguzi wa wodi ya uzazi. Wenzangu wamenichagua niandike kwa sababu mbili. Mwandiko wangu unasomeka, na tena mimi sikuzaliwa visiwani huku, kwa hiyo Meneja akiamua kunihamisha hakuna mama atakayelia isipokuwa wangu, naye yuko Bungoma na amekwisha kuzoea.

Ombi letu ni jepesi. Tunaomba, kabla ya Alhamisi ijayo, tufutwe katika orodha ya wauguzi na tuandikishwe kama punda. Jambo hili tumelifikiria kwa makini, tumelijadili wakati wa chai, na hakuna aliyepinga. Aliyekaribia kupinga ni Rahima, ambaye alitaka kujua kama punda wa hospitali nao watalazimishwa kuvaa viatu vyeupe. Tulipomhakikishia kwamba hawatavaa viatu kabisa, aliinua mkono kabla yetu sote.

Alhamisi nimeitaja kwa sababu ndiyo siku ambayo mwenzetu Hayat, mkunga wa wodi yetu, ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kuharibu mali ya hospitali. Mali yenyewe ni ubao wa daraja. Kilichouharibu ni mguu wake. Ubao ulikatika, mguu nao ukavunjika, na Meneja wetu, Bwana Jabez Mugambi, akamwandikia barua ya kujieleza kabla plasta haijakauka. Asipojieleza kwa namna ya kumridhisha Meneja, atafukuzwa kazi. Sisi tunaamini kwamba Hayat angekuwa punda, hata moja kati ya haya lisingempata.

Nitangulize maelezo ya daraja, maana najua hujawahi kulivuka. Wewe, Bwana Mwenyekiti, huingia kwa lango la mbele, lenye vigae na maandishi makubwa yasemayo MGONJWA KWANZA. Ni lango zuri sana, nasi hulisifu kila tunapopewa likizo ya kwenda kuliona. Lakini wagonjwa wetu wengi huja kwa boti kutoka visiwa vidogo, na boti haifiki mbele. Inafika nyuma, kwenye mikandaa. Kutoka huko kuzunguka hadi mbele ni vichochoro vyenye ngazi, ambavyo machela haiwezi kukunja kona bila kumsimamisha mgonjwa wima. Kwa hiyo mgonjwa huingizwa kwa mlango wa nyuma, na kati ya mlango wa nyuma na ufuo kuna mfereji, na juu ya mfereji kuna daraja la mbao. Mbao hizo zimeoza. Hapo ndipo anapopita mama mwenye uchungu, mtoto mwenye homa, chakula cha wagonjwa, nguo za kufuliwa na mitungi ya oksijeni. Meneja hapiti hapo. Yeye ni mgonjwa kwanza, naona.

Sasa sababu zetu.

1. Punda huaminiwa.

Hayat alianza kusema habari ya daraja kabla ya Ramadhani. Alisema kwa mdomo, akaambiwa aandike. Aliandika, akaambiwa aandike kwa Kiingereza. Aliandika kwa Kiingereza, akaambiwa kwamba lugha yake ina ukali. Akapiga picha ya ubao uliooza na kuiweka kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, na kabla hatujamaliza kuitazama tukaona ametolewa kikundini. Meneja akatuandikia kwamba picha za namna hiyo huchafua sura ya hospitali. Nikajiuliza sura ipi, maana daraja liko nyuma.

Mwezi uliopita alikuja Tausi. Tausi ni punda wa Bakr, yule bwana anayetuletea mitungi ya oksijeni kutoka gatini. Usidanganyike na jina, ni punda wa rangi ya vumbi na sikio moja limechanika. Basi siku hiyo Tausi alifika kichwani mwa daraja, akanusa ubao wa kwanza, akasimama. Bakr alimvuta, hakuenda. Alimsukuma, hakuenda. Bwana Mwenyekiti, mimi nilikuwepo na niliona kilichofuata. Bakr hakumwambia Tausi kwamba ana tatizo la mtazamo. Hakumuuliza kwa nini punda wengine hawalalamiki. Alipiga magoti, akainua kwato moja, akaitazama, akaona haina kitu, kisha akautazama ubao na kuubonyeza kwa kidole. Kidole kikazama. Akasimama akajifuta suruali, akasema maneno machache tu kwa Kiamu chake: "Ndia hini mbovu. Hapiti." Yaani njia hii ni mbovu, punda wake hapiti.

Na hakupita. Habari ilifika mjini kabla ya adhuhuri kwamba hospitali inataka kumvunja miguu punda wa Bakr. Meneja akatoka ofisini. Akaja mwenyewe hadi kwenye daraja, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, akasimama mbali kidogo na mdomo wa mfereji akiwa ameshika tai yake isipeperuke, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Asubuhi iliyofuata alimtaja Tausi kikaoni kama mfano wa kuigwa. Alisema tumwangalie mnyama yule jinsi anavyojali usalama mahali pa kazi. Hayat alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alitazama mikono yake muda wote.

2. Punda huwekewa kibao.

Siku ya pili yake tuliona kibao kimesimikwa kichwani mwa daraja. Kimeandikwa kwa rangi nyekundu: HATARI. PUNDA MARUFUKU KUVUKA MPAKA DARAJA LITENGENEZWE. Nimekichunguza kibao hicho kwa karibu kuliko alivyodhani aliyekiweka. Ni kipande cha mti mzito, kimepigwa randa na kupakwa vanishi, kipana kiasi cha watu wawili kukaa. Katika daraja zima hakuna ubao mmoja unaokifikia kwa unene. Maana yake ni kwamba hospitali inao mti mzuri, na inaye fundi, na fundi alikuja mpaka pale pale penye ubao mbovu akiwa na nyundo mkononi, akapigilia kibao, akaenda zake. Mbao za daraja tumeambiwa zinatoka Mombasa. Zimekuwa zikitoka Mombasa tangu wakati huo.

Sisi hatujawekewa kibao. Tulisoma vizuri, tukazunguka na nyuma yake kuangalia kama kuna maneno ya ziada. Hakuna. Punda ni marufuku. Muuguzi, karibu.

3. Punda ana mwenyewe wa kuulizwa.

Kwa kuwa Tausi amekatazwa kuvuka, mitungi sasa inaachwa upande wa ufuoni. Na kwa kuwa mpagazi wa hospitali alistaafu na nafasi yake haikujazwa, Meneja alielekeza kwamba mitungi ivushwe na "waliopo". Waliopo ni sisi. Mtungi mkubwa wa oksijeni, Bwana Mwenyekiti, Tausi alikuwa akibeba mmoja huku na mwingine kule kwenye shogi la mgongoni, na Bakr alikuwa haongezi wa tatu kwa sababu watu wangemkemea njiani. Sisi tunaubeba wawili wawili, mmoja anashika shingo na mwingine anashika kitako.

Siku Hayat alipovunjika, mimi ndiye niliyeshika kitako. Ndani kulikuwa na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake, hewa imebaki kidogo, na Hayat alikuwa akitembea kinyumenyume kwa haraka bila kuangalia chini. Nilisikia ubao kabla ya kumsikia yeye. Mguu uliingia mpaka gotini. Kitu ambacho sitasahau ni kwamba hakuuachia mtungi. Aliukumbatia kifuani ili usianguke majini, akaniambia niuvute kwanza, yeye baadaye. Niliuvuta nikaupeleka ndani, mtoto akapata hewa yake, kisha nikarudi kumtoa mwenzangu kwenye shimo. Nikilikumbuka hilo nashikwa na hasira, na sioni sababu ya kukuficha.

Punda akivunjika mguu, kila mtu kisiwani humu humgeukia mwenye punda. Alimpitisha wapi? Alimtwika nini? Kwa nini hakutazama njia? Hata mzee aliyekaa kwenye baraza yake akinywa kahawa ataacha kikombe aje aulize. Hayat alipovunjika mguu, aliyeulizwa ni Hayat. Barua ya Meneja inamtaka aeleze ni kwa nini alikanyaga ubao ambao yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuripoti kwamba ni mbovu. Ripoti zake zote alizozikataa Meneja, leo amezikubali, na amezifanya ushahidi dhidi yake. Nimeisoma barua hiyo mara nyingi na kila nikiisoma nampa Meneja heshima yake. Si kila mtu anaweza kupata akili ya namna hiyo bila kusaidiwa.

4. Punda haitwi kikaoni.

Kila asubuhi kabla ya zamu kuna kikao. Zamani kilikuwa kikao cha kupokezana wagonjwa. Siku hizi wagonjwa hupewa dakika chache za mwisho, na muda uliobaki ni wa Meneja kuchagua mtu. Aliyechaguliwa husimama. Anaambiwa mbele ya wenzake, mbele ya mfagiaji, na mara nyingine mbele ya jamaa za wagonjwa waliokuja kuulizia vitanda, kwamba yeye ni mtungi mtupu, kwamba kazi yake inaweza kufanywa na yeyote anayejua kukunja shuka. Hayat, kwa kuwa kwao ni Pate, alipewa jina la Msomi wa Pate. Kila akifungua mdomo, Meneja huomba tunyamaze ili Msomi wa Pate atufundishe. Rahima alisimamishwa hivyo akiwa na mimba ya miezi minane, mpaka miguu ikavimba, kwa kosa la kuuliza kwa nini wodi nzima inaachiwa mkunga mmoja.

Nimeishi huku miaka ya kutosha kuona punda wakitukanwa, sikatai. Lakini punda hutukanwa akiwa kazini, mara moja, na mtu mwenye haraka. Hatukanwi kwa utaratibu, kwa zamu, baada ya dua ya kufungua kikao.

Kuna sanduku la maoni, ndiyo. Liko chini ya dirisha la Meneja, ufunguo anao Meneja, na ukitumbukiza karatasi yeye mwenyewe hukupungia mkono.

5. Punda hahamishwi Ndau.

Hapa naomba nieleweke. Ndau ni kwema. Nimewahi kwenda kuchanja watoto huko, nikalishwa samaki hata nikasahau chanjo nimeziweka wapi. Watu wa Ndau hawajatukosea lolote, na wangejua kwamba huku kwetu jina la kisiwa chao limefanywa fimbo, wangekuja na boti zao kumuuliza Meneja wamemfanya nini. Lakini ndivyo lilivyo. Ukitaja daraja, unaulizwa kama umewahi kufikiria kufanya kazi Ndau. Ukitaja mkunga wa pili, unaelezwa jinsi zahanati ya Ndau inavyohitaji mtu makini kama wewe. Zahanati ile ingepata kila muuguzi aliyetishiwa nayo, leo ingekuwa hospitali ya rufaa, nasi tungekuwa tunapeleka wagonjwa wetu huko.

Tausi alisimama akakataa mbele ya kila mtu, mchana, na hakuna aliyemtajia Ndau.

6. Punda akiumia anatibiwa, tena anapumzika.

Kule Amu punda wana kituo chao cha matibabu. Mara mbili nimepita pale na mara mbili nimeona wivu. Punda mwenye kidonda cha mgongo anapakwa dawa na mwenyewe anaambiwa asimtwike mpaka kipone. Hakuna anayemdai punda cheti cha kuthibitisha kidonda. Hayat tulimfunga plasta sisi wenyewe, katika wodi yake mwenyewe, kwenye kitanda cha wazazi. Siku ya tatu aliandikwa mtoro. Siku ya nne alirudi kazini kwa magongo, na sasa anasikiliza mapigo ya watoto tumboni akiwa ameegemea ukuta. Mama mmoja kutoka Kizingitini alimwonea huruma akataka kushuka kitandani ampishe.

7. Kwa sababu zote hizo, na ili Bodi isione tabu, tumekwisha kupanga namna mabadiliko yatakavyokuwa.

(a) Tutakuwa chini ya Bakr. Tumemchunguza, na ndiye msimamizi pekee tuliyewahi kumwona akipiga magoti kutazama tatizo.

(b) Badala ya ripoti, tutatoa sauti. Punda akilia anasikika mpaka kisiwa cha Manda, na hakuna anayemwambia arudie kwa Kiingereza.

(c) Mzigo wetu utapimwa. Machela ya mgonjwa mmoja na mtungi mmoja kwa wakati mmoja tunaona ni mzigo wa kupita kiasi, na tutalala chini.

(d) Kwa kuwa punda ni marufuku kuvuka daraja, kuanzia siku ya kuandikishwa hatutavuka. Hili si mgomo. Ni kutii kibao cha Meneja, herufi kwa herufi.

(e) Kazi ya kuzalisha itafanywa na wale watakaobaki kwenye orodha ya wauguzi na wasimamizi wao. Tukihesabu vizuri, atabaki Bwana Mugambi. Tunamtakia kila la heri. Glovu ziko kabati la pili, na mama mzazi akimuuma mkono asimwandikie barua ya kujieleza, ni kawaida.

(f) Tunaomba Meneja mwenyewe asiandikishwe pamoja nasi hata akiomba. Punda wa kisiwa hiki wana heshima yao na hatungependa kuwaharibia.

(g) Kuhusu Hayat, tunaomba aandikishwe kwanza, na uandikishwaji wake uhesabiwe tangu asubuhi ya ajali. Hapo Alhamisi kamati itakuta mbele yake punda aliyevunjika mguu kwenye daraja ambalo punda amekatazwa kuvushwa, na italazimika kuuliza ni nani aliyemvusha. Swali hilo ndilo tunalolitafuta. Tukikosa njia nyingine ya kulifikisha mezani kwenu, tuko tayari kuota mikia.

Bwana Mwenyekiti, najua utasema nimevuka mipaka. Najua pia kwamba wewe ni mtu wa dini na mtu wa haya, na kwamba lango la mbele hukulijenga kwa nia mbaya. Uliletewa mchoro mzuri ukatia sahihi. Lakini umeketi kwenye kiti hicho muda mrefu, umesoma taarifa nzuri za Meneja zenye picha za vigae, na hujapata siku moja kuzunguka nyuma. Hayat ana mama mgonjwa Pate na wadogo zake wanasoma kwa mshahara wake. Alhamisi watu watano waliovaa vizuri watakaa mbele ya msichana mwenye magongo na kumuuliza kwa nini alivunja ubao. Hilo linanichukiza, na ninyi lingewachukiza mngekuwa mmesimama pale nikivuta mtungi huku mwenzangu amezama kwenye shimo.

Tunasubiri jibu lako kabla ya Alhamisi, pamoja na nyasi za kuanzia.

Msalimie sana Bi. Hadia na wajukuu, hasa yule kichwa kikubwa aliyetusumbua kutoka; mwambie namkumbuka na mgongo wangu unamkumbuka. Wasalimie wajumbe wote wa Bodi, aliyelala na aliye macho. Msalimie fundi wa kibao, kazi yake ni safi. Msalimie karani atakayefungua barua hii, na nyumba nzima ya Bakr. Tausi nitamsalimia mwenyewe.

Ni sisi wenye masikio marefu na migongo iliyozoea,

Nerea Wafula,
kwa niaba ya wauguzi wa wodi ya uzazi.

Baada ya kutia sahihi:

Bwana Mwenyekiti, yote niliyoandika hapo juu nayafuta.

Barua nilikuwa nimekwisha kuitia kwenye bahasha. Alasiri, maji yakiwa yamejaa, ikafika boti imemleta mama mwenye uchungu, damu inamtoka, ameishiwa hata nguvu za kulia. Tulitoka mbio na machela. Tulipofika kwenye daraja tukakuta pengo la Hayat limeliwa upande wa pili pia, ubao wa jirani umekwenda na maji. Bakr alikuwa upande wa ufuoni na Tausi. Tausi alikuwa amesimama pale pale pake, miguu minne imara, akitutazama. Huo ndio wakati wetu wa kusimama tuliokuwa tumekuahidi katika (d).

Hatukusimama. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba asubuhi ile ile alikubali kuwa punda. Rahima na tumbo lake aliingia kwenye tope. Hayat alitoka wodini kwa magongo yake, akasimama kwenye mlango wa nyuma na kuanza kutuelekeza pa kukanyaga, maana mbao zile anazijua moja moja. "Si hapo, Sista Nerea! Sikanyage hapo, pameoza!" Na alipoona pengo ni pana kuliko hatua ya mtu aliyebeba machela, akanyoosha gongo lake na kukionyesha kibao.

Nililiruka pengo, nikaenda upande wa ufuoni nikaking'oa. Kilikuwa kimepigiliwa kwa misumari mirefu, Bakr akanisaidia kwa bega. Tukakilaza juu ya pengo, maandishi yakitazama juu, na tukampitisha mama yule juu ya neno HATARI. Kibao hakikulia hata kidogo kwa uzito wetu. Amejifungua mtoto wa kike, wote wawili wako hai, na aliyempokea mtoto ni Hayat, akiwa ameegemea ukuta.

Kwa hiyo hatuwezi kuwa punda. Tumejaribu, tumeshindwa siku ya kwanza. Punda angekataa, na angekuwa na haki, na mgongo wake ungekuwa mzima. Bwana Mugambi hajawahi kuogopa kwamba sisi tutakataa. Anajua kwamba akituachia mgonjwa upande wa pili tutavuka juu ya chochote, hata juu ya miguu yetu wenyewe, na ndiyo maana mbao bado zinatoka Mombasa.

Kibao mtakikuta pale kilipo. Tafadhali msikiondoe mpaka mlete kingine, wagonjwa wanakitumia. Kwa upande wa kamati ya nidhamu, kuna mali nyingine ya hospitali imeharibiwa, yaani kibao hicho, na aliyeiharibu ndiye anayetia sahihi hapa chini. Alhamisi wekeni viti viwili.

N.W.